Boneti ya Mwalimu

Mtaani kwetu ukiuliza habari za Mwalimu, watakwambia ni yule mzee aliyejiharibu na rangi ya gari. Watakwambia huku wanacheka. Eti msomi mzima, miaka thelathini na nne ubaoni, kastaafu tu kaenda kujifanya fundi. Mimi nikisikia maneno hayo huwa nainuka naondoka, kwa sababu nikibaki nitamzaba mtu kofi, na anayestahili hilo kofi ni mimi mwenyewe. Mwalimu ni kaka yangu, tumbo moja. Na fundi wa rangi ni mimi.

Baba yetu alikuwa karani wa ghala, mtu wa maneno machache, na hayo machache yote yalikuwa na pilipili. Alitugawa mapema sana: huyu kichwa, huyu mikono. Kaka alifaulu mtihani akapelekwa sekondari. Mimi niliufeli wa kwangu, na Baba hakunichapa wala hakunigombeza, asubuhi yake alinishika mkono mpaka gereji, akamwambia fundi mkuu, "Huyu kichwani hamna kitu, ila mikono anayo." Nilikuwa na miaka kumi na minne, na wateja watatu walikuwa wamesimama pale pale wakisikiliza.

Msidhani Kaka yeye alipona. Akishika nyundo, Baba anacheka kwa pua. Akifunga kitasa kikakaa upande, Baba anakifungua mbele ya wageni na kukifunga upya. "Wewe mikono yako ni ya chaki," alikuwa akimwambia. "Ukishika kitu kingine chochote kitaanguka." Basi Kaka akakua hivyo, mtu mzima wa kuheshimika, suruali imepigwa pasi, lakini balbu ikiungua nyumbani kwake anasubiri mpaka mimi nipite. Ukitaka kumjua kaka yangu, usianze na wanafunzi aliowafaulisha, ingawa ni wengi na baadhi yao leo ni mabosi. Anza na hiyo mikono ya chaki.

Gari lenyewe lilikuwa la Baba. Milango minne, taa za mviringo, usukani mkubwa mwembamba kama ungo usio na kitako, na rangi ya bluu nzito ambayo kwa miaka mingi ilibaki bluu kwenye bawaba za milango tu. Baba alipofariki lilikaa chini ya turubai ubavuni mwa nyumba, kuku wa jirani wakataga kwenye kiti cha nyuma. Likawa la Kaka kwa sababu ndiye mkubwa. Sikusema neno. Niliamini kwamba siku akitaka kulifufua atakuja kwangu, maana angekwenda kwa nani? Nilishalitengeneza kichwani mara mia: wapi pa kukata, wapi pa kunyoosha, wapi patataka bati jipya.

Alipostaafu akamwita fundi wa injini, akamwita fundi wa breki, gari likanguruma tena. Ikabaki bodi na rangi. Mimi nikasubiri. Siku moja akaja gereji kwangu, akapangusa tairi kuukuu kwa leso, akaketi, akaniambia gari la Baba atalipaka rangi mwenyewe.

"Nimeangalia kwenye simu jinsi wanavyofanya," akasema. "Kinachotakiwa ni subira tu. Mengine ni vifaa."

Subira tu. Miaka zaidi ya arobaini ya maisha yangu, kucha ambazo hazijawahi kuwa safi hata siku ya harusi yangu, mgongo uliopinda kwa kuinamia milango ya watu, kumbe ilikuwa subira tu! Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nikajibu, "Sawa, Kaka." Kuna sawa ya kukubali na kuna sawa ya kufunga mlango, na hiyo yangu alipaswa kuitambua.

Lakini haki yake nimpe. Kabla hajaondoka alinyoosha ile mikono yake mbele yangu, akaitazama kama vitu vya kuazima. Akasema ana miaka sitini na moja na hakuna kitu hata kimoja duniani anachoweza kukinyooshea kidole akasema hiki nimekifanya kwa mikono yangu. Anataka hiki kimoja. Nilimsikia vizuri sana. Ningekuwa ndugu wa kweli ningemshika bega. Mimi niliapa moyoni kwamba sitamsaidia hata kwa neno moja mpaka asimame mbele yangu aniombe. Nilitaka kusikia mtu aliyepelekwa shule akikiri kwamba hiki hakijui. Yote yaliyofuata yalitoka hapo.

Alifanya kazi kimwalimu. Alinunua daftari, akachora majedwali kwa rula: wiki hii mlango wa kushoto, wiki ijayo paa. Banda la gari likawa darasa. Msasa umepangwa kwa namba, kila kopo lina kibandiko chenye mwandiko wake mzuri. Shemeji, mkewe, ambaye ni fundi cherehani na anashona mapazia pale pale sebuleni, akaanza kusema ameletewa mke mwenza mwenye magurudumu manne, tena huyu anasuguliwa mgongo kila siku wakati yeye hajawahi kusuguliwa hata kisigino. Tulicheka sana. Nyumba ile ilikuwa na raha wakati ule, nisidanganye.

Mimi nilikuwa napita kila baada ya siku mbili tatu, eti kuwasalimia. Nakunywa chai, nazunguka gari, natazama. Naona puti ya kuzibia bodi imewekwa nene mno kwenye tundu la kutu. Naona ameruka msasa wa kati. Namwachia. Nikirudi gereji mafundi wenzangu wananiuliza, "Profesa kafika wapi leo?" Na mimi, mjinga mmoja, nasimama katikati yao naigiza anavyoshika msasa kwa vidole viwili kama kipande cha chaki. Wanagaragara kwa kicheko. Mzee mmoja tu wa kuchomelea, fundi wa zamani kuliko sisi wote, ndiye hakuwa akicheka. Nilidhani ni masikio yake.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba Kaka alikuwa anaweza. Puti nene ilipopasuka, aliing'oa yote bila kununa akaanza upya, safari hii tabaka jembamba jembamba. Msasa alioruka aliurudia. Sisi gereji mteja anatupigia simu kila saa, tunalipua kazi ili gari litoke. Yeye hakuwa na wa kumkimbiza. Baada ya miezi minne ubavu wa lile gari ulikuwa laini kuliko kazi nyingi zilizotoka mikononi mwangu, na mimi nikalala na hilo tumboni kama mtu aliyemeza kokoto.

Ikafika siku ya kupuliza rangi. Nilikwenda asubuhi. Alikuwa ameziba banda lote kwa nailoni, madirisha na nyufa, ili vumbi lisiingie. Sakafu kaimwagia maji. Boneti alikuwa ameing'oa na kuiweka kando juu ya stuli mbili, kaifunika shuka, ataipaka mwisho. Gari lote limepanguswa linateleza. Nikauliza kapangusia nini, akanionyesha kitambaa kwenye rafu. Kando ya kitambaa palikuwa na kopo la dawa ya kung'arishia makabati, ile ya Shemeji.

Ngoja niwaeleze wasiojua. Dawa ile ina mafuta yake ambayo rangi haikai nayo. Ukipuliza juu yake, rangi inakimbia, inaacha vishimo vidogo vidogo kama uso wa mtu aliyepona ndui. Hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza gereji anapigwa kelele akilikaribia gari na kopo hilo. Nilikichukua kile kitambaa. Nikakinusa. Ilikuwa ndiyo yenyewe. Nikakirudisha pale pale kwenye rafu, nikasema chai ya leo imekolea.

Ndipo akaniuliza swali. Katika miezi yote ile aliniuliza swali moja tu la kazi, na ni hili. Alikuwa ameshika kopo la hadina, ile dawa inayochanganywa na rangi za kisasa ili zigande na kung'aa. Kavaa miwani yake kwenye ncha ya pua, anasoma maandishi madogo ambayo mimi sijawahi kuyasoma.

"Mdogo wangu, hapa wameandika mtu avae barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira. Wewe huwa unavaa?"

Nikacheka. Nilicheka kwa nguvu kuliko kichekesho chenyewe, kwa sababu hatimaye kulikuwa na jambo analoniuliza mimi.

"Kaka, nikivaa hiyo si nitakuwa rubani? Hayo wanaandika watu wa maofisini. Kunywa maziwa."

"Maziwa?"

"Nusu lita kabla, nusu lita baada. Yanaosha kifua. Mafundi wote tunafanya hivyo."

Akafungua daftari lake, akaandika: maziwa. Akapigia mstari.

Sikumdanganya. Hilo nataka lieleweke, ingawa halinisaidii. Fundi wangu mkuu alinifundisha maziwa siku ya kwanza, naye alifundishwa na fundi wake, na mpaka leo ukipita gereji yoyote ya rangi utaona pakiti tupu chini ya benchi. Fundi mkuu alikufa akikohoa, tukasema sigara. Mimi mwenyewe nikipanda ngazi napumzika katikati, nasema uzee. Na tena mimi napuliza kwenye banda lisilo na kuta, upepo unapita, na mara nyingi natumia rangi za zamani za kuyeyushwa kwa thina tu ambazo hazina hiyo hadina. Yeye alijifungia ndani ya nailoni kama nyanya kwenye mfuko, usoni kavaa barakoa ya kitambaa aliyoshonewa na mkewe kwa mabaki ya pazia. Sikuliona hilo kama tatizo. Lile nililolijua nililificha, na lile nisilolijua nikalitoa kwa mbwembwe.

Rangi ikafanya kama nilivyotarajia. Baada ya siku mbili nilikwenda mbio mbio, karibu niruke mtaro. Milango yote, paa, mabawa ya magurudumu, vishimo vitupu. Kaka kasimama katikati ya banda, mikono nyuma, anatazama kama anayesahihisha mtihani wa darasa zima lililofeli. Nikajiegemeza mlangoni. Nikajiambia, haya, sasa sema.

Akasema, "Kuna mahali nimekosea. Nitapajua."

Akashika msasa. Akasugua yote ikatoka. Akapuliza tena, vishimo vikarudi, vichache kidogo. Akasoma, akauliza watu kwenye simu, mwisho akagundua ni ile dawa ya makabati, na kwamba ikishaingia kwenye bodi haitoki kwa kufuta mara moja. Akaiosha kwa thina, akasugua, akapuliza mara ya tatu, na milango ya kulia mara ya nne. Kila mara banda limezibwa, kila mara tabaka tatu, kila mara saa nzima na zaidi ndani ya ukungu ule wa bluu. Na kila mara maziwa. Shemeji akawa mteja wa kudumu wa dukani. Mwenye duka akamuuliza kama wamepata mjukuu.

Akaanza kukohoa. Kikohozi kikavu, hasa akilala. Kifua kikipumua unasikia filimbi ndogo kwa ndani, kama birika linalokaribia kuchemka. Alinieleza, na nikamwambia hilo ni vumbi la msasa, aongeze maziwa. Naapa ndivyo nilivyomwambia.

Boneti aliipaka peke yake, siku ambayo hakuna aliyejua. Kwa kitambaa kipya, sakafu mbichi, mkono umeshazoea. Alinipigia simu. Alisema tu, "Pita ukiwa na nafasi."

Ilikuwa imelala juu ya zile stuli kama meza iliyoandaliwa. Sisi mafundi hatuangalii rangi kwa juu. Unainama mpaka jicho lilingane na bati, unatazama mwanga unavyolala juu yake. Nikainama. Taa ya banda, ile ndefu ya mrija, ilikuwa ndani ya boneti imenyooka kama uzi, kutoka upande mmoja mpaka wa pili, haijakatika wala kutetemeka. Nikazunguka upande wa pili. Nilitafuta kosa. Nilitafuta kwa bidii zote, chembe ya vumbi, tone lililotiririka, kakunjo mahali. Halikuwepo. Nimepaka maelfu ya boneti maishani mwangu na kama hiyo labda ninazo kumi.

Kaka alikuwa nyuma yangu. Nilisikia kile kifilimbi cha kifua chake kikiingia na kutoka. Alikuwa anangoja. Nilijua kabisa anangoja nini, kwa sababu na mimi niliwahi kusimama hivyo hivyo nyuma ya fundi wangu mkuu nikiwa kijana. Lilikuwa neno moja. Halingenigharimu hata jasho.

Nikainuka, nikanyoosha mgongo, nikauliza, "Umeiacha ikauke siku ngapi?"

Akasema siku tatu. Nikasema sawa, nikamwambia nina mteja anasubiri, nikaenda zangu. Sikuwa na mteja.

Wiki iliyofuata alikuwa akirudia mlango mmoja uliokuwa bado na vishimo. Shemeji alisikia kompresa, ile mashine ya hewa, inanguruma muda mrefu mno bila ile sauti ya kupuliza. Alipopasua nailoni alimkuta kakaa sakafuni kwenye maji, mgongo umeegemea gurudumu, mdomo wazi, midomo imebadilika rangi, anavuta hewa haiingii. Bunduki ya kupulizia rangi bado iko mkononi. Majirani walimbeba. Mimi niliwakuta hospitali.

Daktari alikuwa mama mmoja makini, umri wa binti yangu mkubwa. Aliuliza mgonjwa alikuwa akifanya kazi gani, na mimi nikajitokeza, fundi wa miaka arobaini, nikaeleza vizuri: rangi ya hadina, banda lililozibwa, barakoa ya kitambaa. Nikaongeza kwamba lakini maziwa alikuwa anakunywa, tena bila kukosa. Akaacha kuandika. Hakunicheka, na heri angenicheka.

"Maziwa yanakwenda tumboni, mzee," akasema. "Hewa inakwenda kwenye mapafu."

Basi. Ndicho kitu ambacho ukoo mzima wa mafundi haukuwahi kukifikiria. Shemeji alikuwa ameketi kwenye benchi, viatu vyake vina madoa ya bluu, akageuza uso akanitazama.  Ni yeye aliyekuwa akiyanunua. Daktari akaendelea kueleza kwamba kifua cha Kaka sasa kimeshaweka uadui na dawa ile, na uadui huo hauishi. Hata harufu ndogo tu ya rangi mbichi inaweza kumfunga pumzi tena, na safari nyingine huenda asifike hospitali. Atatumia pampu ya kuvuta dawa maisha yake yote. Akaniomba na mimi nipulize kwenye kimrija chake apime. Nikasema nina haraka.

Kaka alirudi nyumbani baada ya siku tisa. Mtu ambaye akisoma mahudhurio darasa la tatu wanamsikia mpaka jikoni kwa walimu, sasa anaongea kwa vipande, anasimama katikati ya sentensi kama anayetafuta funguo. Ngazi tatu za barazani anazipanda kwa awamu. Banda likafungwa kwa kufuli, na Shemeji akafua mapazia yote ya nyumba mara mbili kutoa harufu. Mzaha wa mke mwenza haukusikika tena.

Nilikaa wiki mbili bila kulala vizuri, kisha nikaenda nikamwambia. Alikuwa dirishani, blanketi magotini mchana wa jua kali. Nikamwambia Kaka, kile kitambaa cha siku ya kwanza, mimi nilijua. Ningesema, ungepaka mara moja tu, ukamaliza. Usingerudia mara tatu, mara nne, ndani ya ile hewa. Nilinyamaza makusudi. Nilitaka uniombe.

Akakunja pindo la blanketi. 

"Nilikuona ukikinusa," akasema. Akavuta hewa. "Nikadhani umekipitisha."

Nililia pale, sioni haya kusema. Nililia kama mtoto aliyeangukiwa na mlango.  Nilipoweza kusema nikamwambia lile jingine, nililopaswa kulisema mapema: kwamba boneti ile ni kazi safi. Kwamba nimeitafutia kosa nikalikosa. Kwamba mikono yake si ya chaki na Baba alikosea, alikosea kwetu sote wawili. Nilisema yote kwa mkupuo, kamasi zinanitoka.

Akatabasamu kidogo, tabasamu la mwalimu kwa mwanafunzi anayetoa sababu za kuchelewa.

"Mgonjwa husifiwa hata akimeza kidonge," akasema. "Ahsante, mdogo wangu."

Nikaapa. Nikasema haki ya Mungu, nikamtaja marehemu Mama. Kila nilivyoapa zaidi ndivyo alivyozidi kunionea huruma, na nikaelewa kwamba hapo hakuna mlango. Angeamini nini? Siku ile mimi mzima na yeye mzima, tumesimama mbele ya boneti, neno lile lilikuwa na thamani. Sasa hata nikiliandika kwa dhahabu ni pole tu.

Kisha akasema niende na gari. Nilivute mpaka gereji nikalipake mimi, lote, livutie, wauze au wapande, vyovyote. "Nakuomba," akasema. Ndilo neno nililolivizia karibu mwaka mzima. Nilikuwa nimeliwazia litakuja kwa namna nyingine, mimi nimesimama, yeye kainamisha kichwa, moyo wangu ukiruka kwa furaha. Niliinamisha mimi.

Nikamwambia nitapaka yote isipokuwa boneti. Boneti nitairudisha ilivyo.

"Rangi hazitalingana," akasema. "Wewe ndiye fundi. Unajua."

Nilijua. Rangi ya kopo jipya haifanani na ya kopo la zamani hata namba ikiwa ile ile; ukiziweka pamoja juani, mtoto mdogo ataona. Na mtu ambaye macho yake yangekwenda hapo kila siku, kwenye ile tofauti, na kukumbuka, ni yeye. Nikasema sawa, Kaka.

Gari likavutwa mpaka gereji. Mafundi hawakucheka safari hii, habari zilishafika. Yule mzee wa kuchomelea akaacha kazi yake, akaja akainama mbele ya boneti muda mrefu, jicho moja kafumba. Akauliza ni kazi ya nani. Nikamwambia ya kaka yangu. Akasema, "Huyu wangemleta gereji mapema." Nikakimbilia simu, nikampigia Kaka nikamweleza neno kwa neno, nikamtaja mzee ni nani na kwamba hajawahi kumsifia mtu yeyote, hata mimi. Nilisikia anavuta pumzi upande wa pili.

"Wasalimie," akasema.

Nikalaza boneti juu ya benchi, nikaimwagia maji, nikachukua msasa namba mia tatu na ishirini. Sikutaka mtu mwingine aiguse. Kwa kawaida rangi ya mtu anayejifunza inatoka kwa saa moja, inabanduka yenyewe kama ganda la kidonda. Hii niliisugua tangu asubuhi mpaka wenzangu wanafunga milango, na bado ilikuwa haijaisha, kwa sababu alikuwa ameipaka vizuri.